Somo: Kina cha fokasi, kuanzia mlango wa nakshi hadi tanga la mashua

Wanachama, picha nyingi mnazoniletea siku hizi zina kosa moja. Mlango wa nakshi umepigwa kwa mshazari ndani ya kichochoro. Ubao wa karibu unaonekana hadi nyuzi za mti, ukifika kwenye mfaa, ule mti wa katikati, maua yanaanza kuyeyuka, na ubao wa pili ni ukungu mtupu. Kisha naulizwa: ninunue lenzi gani? Lenzi haina kosa hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima ya milango ya Mkomani, hapa Lamu, kwa namna hiyo hiyo, nikagundua usiku nilipozikuza picha nyumbani. Leo twende hatua kwa hatua.

Tuelewane kwanza. Lenzi inatua fokasi, yaani usafi kamili wa picha, kwenye umbali mmoja tu. Nukta iliyo mbele au nyuma ya umbali huo inaangukia kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha, kama kiduara. Kiduara kikiwa kidogo sana, jicho linakipokea kama nukta na kuona picha iko safi. Kwa sensa ya milimita 24 kwa 36, mafundi wamezoea kukubali kiduara cha milimita 0.03. Eneo lote la mbele na nyuma ambamo viduara havizidi kipimo hicho ndilo kina cha fokasi. Kwa hiyo kina hakina ukuta. Picha iliyoonekana safi kwenye simu, ukiichapa kubwa na kuisogelea, itakuonyesha ukungu ambao hukuuona. Hesabu zote hapa chini ni za sensa hiyo ya 24 kwa 36.

Hatua ya 1: Amua kabla ya kugusa kamera. Nini lazima kionekane, na nini kipotee? Kama ni mzee ameketi barazani, ni macho yake tu, au pia kofia yake ya viua na fimbo iliyo magotini? Usipoamua, kamera itakuamulia.

Hatua ya 2: Tumia miguu. Hapa ndipo wengi mnaporuka, nami naona hapa ndipo penye nguvu kuliko popote. Chukua lenzi ya milimita 50, tundu la kupitishia mwanga likiwa f/2 (namba hiyo naieleza hatua ya 3), mzee yuko mita 2 kutoka kwako. Kina chako ni kama sentimita 19, uso mzima unaingia. Sogea hadi mita 1: kina kinashuka chini ya sentimita 5. Jicho liko safi, sikio limekwenda. Umbali umepungua nusu, kina kimepungua hadi robo. Hakuna kitu kingine ulichobadilisha.

Hatua ya 3: Tundu. Namba ya f ni urefu wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake, si urefu wa umbo lake, ukigawanywa kwa upana wa tundu kama linavyoonekana kwa mbele. Milimita 50 kwa f/2 ni tundu la milimita 25. Kwa f/8 ni milimita 6 na kidogo. Ndiyo sababu namba kubwa ni tundu dogo. Tundu likiwa dogo, miale inaingia ikiwa imebanana, viduara vinapungua, kina kinaongezeka. Mzee wetu wa mita 2, kwa f/8, anapata kina cha karibu sentimita 78: kofia, fimbo na magoti vyote vimo.

Ila utalipa kwa mwanga. Kutoka f/2 hadi f/8 ni ngazi nne: 2.8, 4, 5.6, 8, na kila ngazi inakata mwanga nusu. Uliyekuwa unapiga kwa sekunde 1/1000 sasa uko 1/60, na ndani ya vichochoro vyetu mwanga ni haba tangu mwanzo. Punda akipita, anatoka na miguu ya moshi. Pandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuitikia mwanga, au weka kamera kwenye stendi.

Msikimbilie f/22 pia. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika, na picha nzima inalainika. Mimi sivuki f/16. Kule California mwaka 1932 Ansel Adams na Edward Weston walikuwa katika kundi lililojiita f/64, lakini tundu hilo ni la kamera za filamu kubwa. Kwenye kamera zetu litawaharibia.

Hatua ya 4: Urefu wa lenzi. Ukisimama pale pale ukabadilisha milimita 35 kwa 85, kina kinapungua sana. Ukirudi nyuma hadi uso uwe na ukubwa ule ule, kina kinakuwa karibu sawa na mwanzo. Kinachobadilika ni mandhari ya nyuma: inakuzwa, na ukungu wake unaonekana mpana zaidi.

Hatua ya 5: Umbali unaobeba hadi upeo. Uko Shela, mashua imetia nanga karibu, na ng'ambo kuna kisiwa cha Manda. Unavitaka vyote. Lenzi ya milimita 28, f/8: weka fokasi mita 3.3, na kila kitu kuanzia mita 1.65 hadi upeo wa macho kitakuwa safi. Ukilenga Manda kwenyewe, usafi utaanzia mita 3.3 badala ya 1.65, na kilicho karibu zaidi utakipoteza bure. Lenzi za zamani zina mistari ya kina imechorwa kwenye pete. Zumu nyingi za leo, zile lenzi za kuvuta karibu na mbali, hazina, basi andika namba zako kwenye kipande cha plasta ukibandike kwenye kifuniko.

Hatua ya 6: Hakiki. Kamera ya kioo (DSLR) inakuonyesha mandhari tundu likiwa wazi kabisa. Bapa zinazounda tundu zinajifunga wakati wa kupiga tu. Unachokiona kabla si utakachokipata. Nyingi zina kitufe cha kufunga tundu kabla ya kupiga. Kibonyeze, giza litaingia, subiri jicho lizoee, ndipo utazame.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo Maalim. Natumia simu, kila kitu kinatoka safi mbele na nyuma. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu. Lenzi ya simu ina urefu wa milimita chache tu. Ikiwa ni milimita 6 kwa f/1.8, tundu lake ni milimita 3 na kidogo, kwa hiyo kina ni kikubwa hata ukilifungua lote. Ukungu wa picha za uso kwenye simu unatengenezwa na programu inayokisia umbali, ndiyo maana ncha za nywele na ushungi hukatika vibaya. Ukitaka ukungu wa kweli, sogelea: piga ua la asumini kwa sentimita 10.

*Maalim, mlango wa kichochoroni siwezi kuupiga kwa mbele, mgongo unagusa ukuta wa pili.*

Hilo ndilo tatizo letu la Lamu. Fokasi imelala kama ubao bapa, sambamba na sensa, na mlango wa mshazari unaukata ubao huo mahali pamoja tu. Tuseme una milimita 35, ukingo wa karibu uko mita 1.2 na wa mbali mita 2.5. Usilenge katikati. Lenga mita 1.6, maana kina hurefuka zaidi kwa nyuma kuliko kwa mbele, na funga hadi f/11, kamera ikiwa kwenye stendi. Zipo pia lenzi zinazoinama. Theodor Scheimpflug wa Austria alipata hataza mwaka 1904 juu ya kanuni yake: sensa, lenzi na mlango, kila kimoja ukikirefusha kama ubao, vikikutana kwenye mstari mmoja, mlango wote unaingia kwenye fokasi hata tundu likiwa wazi. Ni ghali, lakini anayepiga nakshi kwa kazi atafaidika nazo.

*Harusini, safu mbili za akina mama, ya nyuma inatoka ukungu.*

Dada, zisogeze safu zikaribiane, rudi hadi mita 4, milimita 35, f/5.6, na flashi. Lenga macho ya safu ya mbele. Nafasi itabaki.

*Nimeweka akiba ninunue 50 ya f/1.4 badala ya f/1.8. Nisubiri?*

Kwa mita 2, f/1.4 inakupa kina cha sentimita 13 hivi na f/1.8 kama 17. Unalipia sentimita 4 na mwanga kidogo. Nunua ya f/1.8, piga mwezi mmoja kwa tundu wazi, kisha niletee picha kumi ambazo macho yametua kwenye fokasi. Tukiziona, tutazungumza juu ya f/1.4.