Mchezaji asipokuja: mambo ya kupanga kabla ya Jumamosi

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mezani kwetu, penye mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, methali hiyo inagoma. Mtu hayupo, lakini lake lipo: mhusika wake bado amesimama pangoni, mwenge mkononi, palepale hadithi ilipokatikia Jumamosi iliyopita, na vibwengo wanakuja. Nani atamsemea? Akijeruhiwa, kosa ni la nani? Ukingoja kujibu maswali haya siku kiti kiko wazi, mtabishana saa nzima, na umeme utakatika kabla dadu la kwanza halijarushwa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anashika mhusika wake, na penye shaka dadu ndizo zinazoamua. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hapa Lubumbashi, Kongo, wengi tuliupokea kwa Kifaransa, ndiyo maana msimulizi tunamwita emje na karatasi ya mhusika tunaiita fishi. Hadithi moja inaweza kwenda mwaka, hata miwili. Ndani ya miaka miwili ya Jumamosi, hakuna kikundi ambacho hakitakosa mtu.

Kwa hiyo anza kwa kujua watu wako hukosa kwa sababu gani. Kuna kukosa kunakojulikana mapema. Mmoja wetu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, anakaa huko majuma kadhaa ndipo anarudi; rota yake anaijua tangu mwanzo wa mwezi. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa wanajua mitihani inaanza lini. Mwana korali anajua mazoezi yake. Wote hao waandike tarehe zao kwenye karatasi moja, na emje apange hadithi akiitazama. Mechi ya Mazembe, timu yetu ya mpira, nayo iandikwe. Msijidanganye kwamba mtu wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wao, atakaa anahesabu alama za upanga wakati uwanja unapiga kelele.

Kisha kuna kukosa kusiko na taarifa. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ikipiga saa sita mchana, anayetoka Ruashi hana namna. Na kilio hakichagui siku. Ujumbe unaingia saa moja kabla: "Yaya, leo siko nakuya, kuko kilio kwa baba mukubwa." Hapo jibu ni pole, basi. Usimuulize fishi yake iko wapi. Fishi hiyo ilipaswa kuwa tayari kwako, na hilo nitalirudia.

Saa ya kukutana iandikwe kwa tarakimu, 14:00. Ukisema saa nane, kuna anayehesabu kwa Kiswahili na kuna anayehesabu kwa Kifaransa, na wa pili atakuja jioni au asubuhi. Na kama kuna anayeunganishwa kwa simu kutoka Kinshasa, huko wako nyuma yetu kwa saa moja. (Kucheza kwa simu, kwa maoni yangu, ni kuwapa wote adhabu ya mmoja. Mega za intaneti zinaisha, sauti inakatika, na kila mtu anapiga kelele "unasikia?" badala ya kupigana na joka. Afadhali akose.)

Jambo linalookoa kikundi ni akidi. Sisi tuko wachezaji watano na emje. Wakifika watatu, hadithi inaendelea. Wakifika wawili, tunacheza kisa kifupi cha siku moja chenye wahusika wengine, ambacho emje amekiweka kwenye begi miezi yote. Akifika mmoja, anakula mandazi na kwenda nyumbani. Tulijifunza kwa kupoteza. Zamani tulikuwa na uungwana mwingi: mmoja akikosa, wote tunaahirisha ili asipitwe. Msimu mmoja wa mvua Jumamosi ya kwanza ikawa kilio, ya pili mvua, ya tatu mtihani, na ya nne hakuna hata aliyeuliza kama tunacheza. Hadithi ya miezi saba ikafa hivyo, bila joka wala upanga.

Ukiwa na akidi, lazima ukubali kwamba pambano uliloliandaa kwa watano litawakuta watatu. Hapa maemje wengi wanajidanganya kwamba watapunguza adui "kwa jicho". Tazama hesabu. Katika kanuni za toleo la 5, zile za mwaka 2014, mhusika wa ngazi ya 3 (ngazi hupanda kadiri anavyokusanya alama za uzoefu) anahesabiwa alama 150 kwa pambano la wastani, 225 kwa gumu na 400 kwa la mauti. Unazidisha kwa idadi ya waliopo. Kibwengo mmoja ana alama 50. Saba ni 350, lakini kwa kuwa wingi una nguvu yake, kanuni zinazidisha mara 2.5, unapata 875. Kwa wachezaji watano hilo ni pambano la wastani, maana wastani unaanzia 750 na gumu 1,125. Kwa watatu, gumu linaanzia 675, hivyo vibwengo walewale saba sasa ni pambano gumu. Kwa wawili ni balaa: kanuni zenyewe zinapandisha kizidisho hadi 3 kikundi kikipungua watatu, jumla inakuwa 1,050, na mauti inaanzia 800. Hakuna kibwengo aliyeongezeka. Viti tu vimepungua. Kwa hiyo pambano liandikwe kwa namba mbili tangu nyumbani: saba wakija wote, watano wakija watatu. Watano wanatoa 500, na hapo umerudi kwenye wastani.

Hesabu hiyo haimjui anayekosekana ni nani, nawe lazima umjue. Akikosa mpiga panga, mtaumia kidogo. Akikosa mganga, hakuna wa kuwainua walioanguka. Ndiyo maana kikundi kiwe na chupa za dawa kwenye mzigo wa pamoja. Katika kanuni hizo chupa moja inauzwa vipande 50 vya dhahabu na kurudisha uhai wa dadu mbili za pande 4 ukiongeza 2. Ni kidogo, lakini inatosha kumsimamisha mtu akimbie. Vivyo hivyo kwa mwizi wenu, yule wa kufungua makufuli: usiweke mlango ambao yeye peke yake anaufungua halafu hadithi nzima ikae nyuma ya mlango huo.

Sasa fishi. Wanaocheza likelemba, kuchangiana fedha kwa zamu, wanalielewa hili bila maelezo: siku ya kukusanya, usipoweza kufika, mchango wako unafika kwa mkono wa mwenzako. Mtu anaweza kukosa, mchango haukosi. Fishi zote zikae kwenye mfuko mmoja kwa emje, na mwisho wa kila kikao zipigwe picha, kwa sababu mfuko nao unalowa. Kila mchezaji amchague mapema mlezi, mmoja wa wenzake, atakayemshikia mhusika. Sipendi emje awe mlezi. Tayari anabeba maadui, wenye maduka, wafalme na mbwa wao, na mhusika wa sita mikononi mwake huishia kusahauliwa pembeni.

Mlezi ana mipaka. Anarusha dadu za mhusika na kutumia silaha zake za kawaida. Hatumii kitu kinachoisha, kama chupa ya mwisho au ule mshale mmoja wa uchawi. Hamsemei ahadi, hamchumbii mtu, hauzi upanga wa babu yake. Na mhusika wa asiyekuwepo hafi. Akifika sifuri, ameanguka, amebebwa, atazinduka mwenyewe akirudi. Kwetu mpiga panga aliwahi kuuawa mchezaji wake akiwa kwenye kilio. Mchezaji alirudi Jumamosi iliyofuata amebeba karanga, akauliza, "Nasi tulifika wapi?" Tukatazamana. Miaka imepita na bado mtu akifungua mlango amechelewa, kuna atakayemwambia asiogope, yuko hai.

Kuna vikundi vinavyomwacha mhusika awe kivuli tu, yupo lakini hatajwi. Inawezekana, hasa kwa watoto. Mimi huona wachezaji wanasahau kama waliingia pangoni watano au wanne, na emje anasahau pamoja nao.

Dawa iliyo bora kuliko ulezi ni kumaliza kikao mahali salama. Jifunze kutazama saa ya ukutani zaidi ya ramani: zikibaki dakika 40, usifungue mlango mpya. Warudishe kijijini, au kwenye kambi yenye moto, au mtoni palipo na mtumbwi. Kikao kinachofuata, asiyekuja amebaki kijijini anauguza mguu, na hakuna haja ya kubuni pepo aliyemteka katikati ya vita. Ben Robbins, mwongozaji wa Marekani, aliifanya kuwa sheria katika hadithi yake iitwayo West Marches: hakuna kikundi cha kudumu, wachezaji wenyewe wanapatana nani aende wapi na lini, na kila kikao kinaanzia mjini na kuishia mjini. Kwa mji wa rota za migodi kama wetu, sijaona mpango unaotufaa zaidi. Gharama yake ni kwamba emje hawezi kukata hadithi kwenye ukingo wa jabali, dadu hewani, watu wote wameshika vichwa. Inauma, maana hapo ndipo pana utamu. Basi ukingo wa jabali uweke siku ambazo karatasi ya tarehe inaonyesha wote wapo.

Kuhusu alama za uzoefu, kikundi kipande ngazi pamoja. Wapo wanaosema asiyefanya kazi asile, nami niliwahi kuwa upande wao. Lakini ngazi ya 4 inaanzia alama 2,700 na ya 5 inaanzia 6,500, na kwenye ya 5 mpiga panga anapata pigo la pili huku mchawi akipata mpira wa moto. Yule wa Kolwezi, aliyekosa kwa ajili ya mkate wa watoto, atakaa anawatazama wenzake wakiunguza jeshi huku yeye akirusha kombeo. Hatakuja mara ya tatu. Dhahabu iliyookotwa, hiyo wagawane waliokuwepo.

Usiku huohuo mmoja atume muhtasari kwenye kundi la simu, kwa maandishi, mistari sita: tulipo, tuliyemkosea, tunachodaiwa. Sauti ya dakika nane hakuna anayeisikiliza. Na chakula kisitegemee mtu mmoja. Aliyeahidi michopo, nyama ya kuchoma, akikosa, akidi ya watatu wenye njaa si akidi.

Yupo pia anayeacha kuja kabisa, kimya, bila ugomvi. Baada ya Jumamosi nne emje ampigie simu, si kumwandikia kundini mbele ya watu, amuulize kama kiti kimngoje. Wa kwetu alisema hapana, amepata mtoto. Mganga wake tukamwacha mjini, akafungua duka karibu na lango. Anatuuzia chupa za dawa kwa vipande 50, hapunguzi hata kimoja.