Kulala kwenye hamoki msituni bila kulowa wala kutetemeka

Hamoki, kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, inafaa sana kwenye misitu ya Usambara, Uluguru au Aberdare. Sababu ni rahisi: huko uwanja tambarare wa kusimika hema ni wa kutafuta, ila miti ipo kila upande. Mteremko, mizizi na tope havikuhusu. Shida ni kwamba wengi humaliza pesa kwenye hamoki yenyewe, kisha wanapanda msitu wa Magamba, Usambara, mwezi wa saba na kipande cha turubai cha mita mbili, bila chochote cha kukinga mgongo. Saa nane za usiku wako macho. Kitambaa cha kulalia ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Usingizi unaamuliwa na kilicho juu yako na kilicho chini yako.

Vifaa

Nunua hamoki ya nailoni yenye urefu wa mita 3.3 hivi na upana wa mita 1.5. Zile fupi za bustanini, za mita 2.6, zinafaa kwa kusomea gazeti, si kulalia usiku kucha.

Mikanda ya kufungia iwe ya poliesta, upana wa sentimita 2.5 au zaidi, urefu wa mita 3 hadi 4 kila mmoja. Mkanda wa nailoni ukilowa na kubeba uzito unanyumbuka: unalala ukiwa juu, alfajiri makalio yanagusa tope. Kamba nyembamba nayo inachuna gome la mti, na msitu wenye wasimamizi makini watakufukuza kwa haki. Karabina, yaani pingu zenye kilango za kuunganisha hamoki na mkanda, ziwe za kupandia milima, zilizoandikwa ubavuni uzito zinaouhimili. Za kuning'inizia funguo zitafunguka ukikaa.

Turubai liwe refu kuliko hamoki iliyofungwa, lizidi angalau sentimita 20 kila ncha. Kwa vitendo ni mita 3.4 na kuendelea kwa urefu, na mita 2.7 hadi 3 kwa upana. Ongeza vigingi sita, kamba ya milimita 2 au 3, chandarua na taa ya kichwani.

Kuchagua miti

Tafuta miti miwili hai, minene kuliko paja la mtu mzima, iliyoachana mita 4 hadi 5. Kabla hujatua mzigo, tazama juu. Tawi kavu lililokwama ndilo hatari kubwa kuliko zote, na mikaratusi hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo ipite. Pwani, usifunge chini ya mnazi wenye nazi. Epuka pia bonde la mto: hewa baridi huteremka na kutulia humo usiku, na wakati wa masika maji hupanda bila kubisha hodi. Radi ikianza kupiga karibu, toka. Hamoki haina kinga yoyote dhidi yake.

Mulika shina na ardhi kuona kama kuna msafara wa siafu. Wakishagundua mkanda, wanautumia kama daraja hadi shingoni mwako. Ukiona hata mstari mwembamba, hama kabisa, usibishane nao.

Misitu ya hifadhi Tanzania inahitaji kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na penye tembo na nyati lala pale tu askari wa hifadhi walipokuelekeza. Kilimanjaro usihangaike na hamoki ukishavuka ukanda wa msitu: kambi kama Barafu haina hata mti mmoja.

Kufunga

Anza na turubai, hasa mvua ikinyesha. Vuta kamba ya mgongo wake kati ya miti, ikaze, ndipo ufanye kazi nyingine zote ukiwa mkavu chini yake.

Kisha mikanda. Kimo cha kuifunga kutoka ardhini kinategemea umbali wa miti: zidisha umbali huo kwa 0.29, ongeza sentimita 45. Miti ya mita 4 inatoa kama mita 1.6, ya mita 5 inatoa mita 1.9. Mkanda ushuke kwa nyuzi 30. Kupima, kunja vidole vitatu, shahada ilale sambamba na ardhi ikielekea hamoki, gumba lisimame wima upande wa mti. Mkanda uguse ncha zote mbili.

Hesabu hii si ya urembo. Mtu wa kilo 75 akifunga kwa nyuzi 30, kila mkanda unavutwa kwa kilo 75 hivi. Akiukaza hadi nyuzi 10, mvuto unapita kilo 210 kila upande. Hapo ndipo karabina dhaifu zinapokatika na vimiti vinapong'oka. Tena hamoki iliyokazwa inabana mabega, wakati iliyolegea ndiyo inayomlaza mtu vizuri.

Ukitaka ulegevu uleule kila usiku, funga kamba isiyonyumbuka kutoka ncha hadi ncha ya hamoki, urefu wake asilimia 83 ya hamoki: kwa ile ya mita 3.3, ni mita 2.74. Ukishalala, ibinye kwa vidole viwili. Ikipinda kidogo, sawa. Ikiwa ngumu kama chuma, mikanda imekazwa mno.

Inua upande wa miguu sentimita 20 kuliko wa kichwa, la sivyo utateleza kuelekea katikati. Halafu lala mshazari: kichwa kushoto ya mstari wa kati, miguu kulia, au kinyume chake. Mgongo unanyooka, na magoti hayalalamiki asubuhi.

Maji

Turubai zuri linazuia mvua ya juu, lakini maji hutembea kwenye mkanda kutoka kwenye shina hadi kitandani. Kwenye kila mkanda, ndani ya kivuli cha turubai, funga kipande cha kamba ya kiatu ya pamba, sentimita 15, kining'inie. Maji yanakifuata na kudondoka chini. Watu wanalaumu turubai kwa kulowa miguu wakati kosa ni kukosa kamba hii ya bure.

Upepo ukivuma, uelekezee ubavu wa turubai, si ncha yake, na ushushe kingo hadi karibu na ardhi. Turubai la nailoni hulegea likilowa, hivyo likaze tena baada ya nusu saa ya mvua. Usizibe pande zote: kwenye ukungu wa milimani pumzi yako itageuka matone.

Baridi ya chini

Begi la kulalia linakandamizwa na uzito wako, hewa iliyomo inatoka, na bila hewa halina joto. Ndiyo maana mgongo huanza kuganda hata kwenye nyuzi 18, huku kifua kina joto. Dawa ni mfarishi unaoning'inia nje ya hamoki, ukigusa kitambaa bila kubanwa. Madukani kwetu ni adimu, ila begi la kulalia la mitumba linatosha: fungua zipu yote, pitisha kamba ya mpira kwenye kingo, lining'inize chini, kaza ncha mbili zifunge. Ukihisi ubaridi sehemu moja tu, pana mwanya hapo, fupisha mpira. Msitu wa mvua chagua la nyuzi za sintetiki, kwani manyoya ya bata yakilowa hujikunyata.

Njia ya haraka ni mkeka wa povu lisilonyonya maji, unene wa sentimita moja. Hutoroka ukigeuka, kwa hiyo hamoki ya tabaka mbili inayoushika katikati ni bora. Tabaka hizo pia zinazuia mbu, ambao hupenyeza mdomo kwenye nailoni nyembamba na kukuuma mgongoni hata chandarua kikiwa kimefungwa vizuri.

Asubuhi fungua turubai mwisho, lipakie nje ya begi peke yake, na uanike vyote siku hiyohiyo ukifika.