Namna ya Kupunguza Ukubwa wa Rimoti ya Gari Linalowashwa kwa Kitufe

Magari mengi madogo yanayoonekana katika barabara za Mbeya, Mafinga na Iringa yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na yale yanayowashwa kwa kitufe huja na rimoti nene inayotuna mfukoni na kuchosha mshono wa suruali. Rimoti hiyo inaweza kupunguzwa na mtu yeyote mwenye mkono mtulivu, ilimradi akubali tangu mwanzo kwamba kitakachokatwa ni ganda la plastiki peke yake. Bodi ya ndani, yaani kibao chenye chipu na nyaya za umeme, haiguswi kwa msumeno wala tupa, hata pale ambapo kona yake inaonekana kuwa tupu.

Usianze kazi hii kama una rimoti moja tu. Mfumo wa kuzuia wizi hautambui sura ya rimoti bali namba za siri zilizomo kwenye chipu yake, na chipu ikiharibika gari halitawaka hata kama mlango umefunguliwa kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Magari ya mtumba mara nyingi hufika na rimoti moja, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo atangulie kwa fundi wa funguo aunganishiwe ya pili. Gharama yake inauma, lakini ni afadhali kuliko kulivuta gari kutoka Tunduma hadi Mbeya mjini.

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi bapa nyembamba iliyozungushiwa utepe, kibano, msumeno wenye meno madogo, tupa, msasa, supa gluu, gundi ya kuchanganya ya mirija miwili na rula yenye milimita. Chomoa kwanza ufunguo wa chuma wa dharura, kisha ingiza bisibisi kwenye nafasi iliyoachwa na ufunguo huo na uizungushe taratibu mpaka ganda liachie. Toa betri, fungua kifuniko cha ndani, na upige picha kila hatua kabla ya kuendelea. Kwa rimoti nyingi kutoa betri hakufuti namba za siri. Shika bodi kwa kingo zake, na kabla ya hapo gusa chuma kilichofika ardhini, kwa sababu katika miezi ya kiangazi, hewa inapokauka, sweta la sufu hujaza mwili umeme tuli unaoweza kuua chipu.

Sasa pima. Utaona kwamba sehemu kubwa ya unene na urefu wa rimoti ni nafasi ya ufunguo wa chuma, tundu la pete na kuta za plastiki. Kwenye bodi tafuta kijisanduku cheusi chenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, ndani yake: hicho ndicho kinachopokea mawimbi ya gari ya takriban kilohezi 125 au 134 unaposogelea mlango au kubonyeza kitufe cha kuwasha. Rimoti hujibu kwa mawimbi yanayotetema kwa kasi zaidi, takriban megahezi 315 kwa magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani na 433 kwa yale ya Ulaya, na antena ya jibu hilo mara nyingi ni mstari mwembamba wa shaba unaopita ukingoni mwa bodi. Hii ndiyo sababu kona inayoonekana tupu haikatwi: huenda ndiyo antena yenyewe.

Betri inastahili kufikiriwa kwa makini, maana ndiyo inayoamua unene wa mwisho. Namba yake inajieleza: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR1632 ina kipenyo cha milimita 16 na unene uleule, na CR2016 ina unene wa milimita 1.6. Zote hutoa volti 3. Kuhama kutoka CR2032 kwenda CR2016 kunapunguza unene, lakini chaji iliyomo inashuka hadi chini ya nusu, na betri ndogo ikikutana na baridi ya Juni na Julai ya Makete au Njombe hulegea mapema. Kwa maoni yangu, milimita hiyo moja na nusu haistahili bei hiyo kwa mtu wa nyanda za juu. Pia usichomelee waya moja kwa moja kwenye betri, kwani joto linaweza kuipasua, na usiihamishie juu ya koili, kwa sababu chuma chake kitapunguza umbali wa kupokea mawimbi.

Njia rahisi ya kupata ganda jipya ni kulifupisha la zamani, kwa kuwa vitufe vyake tayari vimekaa mahali pake. Kata upande wa ufunguo wa chuma, sawazisha kwa tupa na msasa, kisha ziba upenyo kwa kipande cha plastiki. Bodi iwe mbali wakati wa kutumia supa gluu, maana mvuke wake huacha utando mweupe kwenye viunganishi. Baada ya hapo imarisha kwa ndani kwa gundi ya kuchanganya. Anayependa ganda la mbao achague mninga mkavu, ambao hauvimbi sana, na aache kuta za milimita 2. Paini ya Sao Hill ni laini mno kwa kazi hii. Ganda la chuma au alumini halifai kabisa, kwani linazuia mawimbi.

Wakazi wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua hainyeshi kwa aibu, wazibe mishono kwa silikoni. Waepuke ile inayonuka siki inapokauka, kwa kuwa asidi yake hula shaba. Mlango wa betri ufungwe kwa skrubu, maana mtoto akimeza betri ya aina hii inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, simama nje ya gari ukiwa na rimoti hii pekee, na ile ya pili iwe mbali. Jaribu kila mlango, kisha washa gari rimoti ikiwa mfukoni, kwanza bila simu na halafu ukiwa na simu kando yake. Mwisho toa betri, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwasha na uone kama gari linawaka, kwani magari mengi yana njia hiyo ya dharura. Ufunguo wa chuma, ambao sasa hauna nafasi, uwekwe kwenye pochi. Ukiuacha ndani ya gari, siku betri ikiisha utakuwa upande usiofaa wa kioo.