Jinsi ya kukagua kichwa cha habari kinachowataja Waislamu kabla ya kukisambaza

Nauza magazeti hapa Kisumu, karibu na stendi ya mabasi. Ni Muislamu, mzaliwa wa Kaloleni. Magazeti nayatandaza juu ya gunia na kuyawekea mawe, maana upepo wa ziwa ukianza hauchagui ukurasa. Ili yatoshe, huyapanga yakiwa yamepandana, kila moja likionyesha nusu ya juu tu. Watu wa boda, makanga, walimu na mama wa soko huinama, husoma vichwa, hubishana kidogo, kisha kila mmoja anaenda zake. Wanaonunua ni wachache. Siwalaumu, unga nao unataka pesa. Lakini mtu anaweza kupita hapa mwaka mzima bila kufungua gazeti hata moja, na bado akaamini kwamba anawajua Waislamu.

Kwenye simu ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Ufaransa walichunguza viungo vya habari vilivyosambazwa Twitter, wakakuta asilimia 59 ya viungo hivyo havikuwahi kubofywa. Na kusoma ndani hakumwokoi mtu kila mara. Watafiti wa Australia wakiongozwa na Ullrich Ecker walionyesha mwaka 2014 kwamba kichwa kinachopotosha huathiri kile msomaji anachokumbuka na anachokihitimisha, hata akiisoma habari yote na habari yenyewe iwe sahihi. Ndiyo maana nasema kichwa kikaguliwe kwanza, kabla hakijatulia akilini. Mimi hufanya hivi.

Anza na picha. Asubuhi moja kijana wa boda aliinama akasoma kichwa kilichohusu mlipuko, chini yake picha kubwa ya wanaume wenye kanzu na kofia. Akaniambia, "Mzee, watu wenu wameanza tena." Nikamwambia, "Kijana wangu, shika hili gazeti, lifungue, sikutozi kitu." Akalivuta kutoka chini ya lile lingine. Maandishi madogo chini ya picha yalisema ni waumini wakiswali Idd. Ilikuwa habari nyingine kabisa, na mlipuko ulikuwa na maelezo yake pembeni bila picha yoyote. Mhariri aliviweka pamoja, sijui kwa haraka au kwa makusudi, na jicho likaviunga. Kwa hiyo tafuta maandishi ya chini ya picha: picha ni ya nani, ya wapi, ya lini? Ikiwa ni skrinshoti ya WhatsApp iliyokatwa chini, hayo maandishi hayapo, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kutoisambaza.

Kisha uliza ni nani hasa aliyetenda. Kwa sensa ya 2019 Waislamu wa Kenya ni zaidi ya milioni 5, karibu asilimia 11 ya wananchi. Ndani yake wamo Wawanga wa Mumias, ambako Uislamu una mizizi tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wao, wamo Wajaluo wa Kendu Bay, wamo Wanubi wa Kibos, wamo Wahindi wenye maduka hapa mjini. Kichwa kikisema "Waislamu" kimewashika wote hao. Kikisema "al-Shabaab" kimemshika mwenye kosa.

Sisemi dini isitajwe. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga kwa dini. Hilo ni lazima liandikwe, na atakayelificha anawadhulumu waliokufa na wazazi wao. Desemba mwaka huo huo, karibu na Mandera, basi lilisimamishwa na watu wenye bunduki wakataka Waislamu na Wakristo wajitenge. Waislamu walikataa kuwaachia wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwa miongoni mwao, akafariki Januari 2016. Hapo pia dini ni kiini cha habari. Swali langu ni moja: ukiitoa dini kwenye kichwa, habari inabaki ikieleweka? Mtu ameiba ng'ombe, amegombana na mpangaji wake, amegonga mtu kwa gari. Jina lake ni la Kiislamu, sawa. Dini yake inaingiaje hapo?

Nina jaribio ambalo huwapa vijana, na linafanya kazi kuliko mahubiri. Kichukue kichwa hicho hicho, utoe neno "Muislamu", uweke "Mkristo", kisha ukisome kwa sauti. Kikisikika cha ajabu, kuna kasoro. Msitu wa Shakahola ulipofukuliwa mwaka 2023, na miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja Mkristo ikatoka, vichwa nilivyouza vilizungumza juu ya mhubiri huyo na wafuasi wake. Hakuna mtu aliyekuja kwenye gunia langu akamwambia jirani yake Mkristo "watu wenu wameanza." Na ilikuwa sawa kabisa hivyo. Haki hiyo hiyo ndiyo tunayoiomba.

Kwenye namba hapo usiwe na haraka. Novemba 2015 gazeti la The Sun la Uingereza liliandika ukurasa wa kwanza kwamba Muislamu mmoja kati ya watano nchini humo anawahurumia wanajihadi. Ukisoma hivyo unaona mitaa imejaa hatari. Lakini swali waliloulizwa watu kwenye kura ya maoni halikuwa na neno "wanajihadi". Waliulizwa kama wana huruma na vijana Waislamu wanaoondoka Uingereza kwenda kujiunga na wapiganaji wa Syria. Wapiganaji gani, swali halikusema, na Syria wakati huo ilikuwa na makundi mengi, mengine yakipigana na serikali, mengine yakipigana na kundi la ISIS. Tena kumhurumia kijana aliyepotea si kukipenda kilichompoteza. Kila mzazi hapa analijua hilo. Malalamiko zaidi ya 3,000 yalipelekwa IPSO, shirika linalosimamia maadili ya magazeti kule, na Machi 2016 likaamua kwamba habari hiyo ilipotosha kwa kiasi kikubwa. Gazeti likatakiwa kuuchapisha uamuzi huo. Ilikuwa imepita miezi minne. Kwa hiyo ukiona "asilimia" au "mmoja kati ya", tafuta sentensi yenyewe waliyoulizwa watu, neno kwa neno. Usipoipata, namba hiyo iache.

Saa za kwanza baada ya shambulio ndizo mbaya zaidi. Aprili 1995 jengo lililipuliwa Oklahoma City, watu 168 wakafa, na baadhi ya vyombo vya habari vikaanza kuzungumzia watu wa Mashariki ya Kati. Aliyelipua alikuwa Timothy McVeigh, Mmarekani aliyewahi kuwa mwanajeshi. Julai 2024 wasichana watatu waliuawa Southport, Uingereza. Tovuti moja iliyojiita ya habari ikasambaza jina la uongo lenye sauti ya Kiislamu, na kesho yake umati ukaushambulia msikiti wa mji huo. Muuaji alikuwa kijana mzaliwa wa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda, wala jina lile halikuwa lake. Subiri kesho. Hakuna anayekulipa kwa kuwa wa kwanza kwenye grupu.

Maneno ya kujihami yasikupite: "adaiwa", "ahusishwa na", "anashukiwa", na alama ya kuuliza mwishoni. Yanamlinda mhariri mahakamani, hayamlindi aliyetajwa.

Jioni, kabla sijarudisha kwa wakala magazeti yaliyobaki, huwa napitia kurasa za ndani. Huko ndiko kesi huishia. Mshukiwa aliyekuwa na picha kubwa ukurasa wa kwanza siku ya kukamatwa, siku ya kuachiliwa hupata aya mbili karibu na matangazo ya minada. Ukisambaza habari ya kukamatwa, chukua jukumu la kutafuta mwisho wake na kuusambaza kwa watu wale wale.

Najua wako watakaosema ninatetea ndugu zangu. Ninawatetea, ndiyo. Binti yangu anavaa hijabu, na baada ya kila shambulio yeye ndiye anayefunguliwa mkoba mlangoni mwa basi huku wengine wakipita. Makanga aliyemfungulia hajawahi kumwona gaidi maishani mwake, ameona vichwa. Huko Marekani watafiti walihesabu habari za mashambulizi ya mwaka 2006 hadi 2015 wakakuta yale yaliyofanywa na Waislamu yaliandikwa kwa asilimia 357 zaidi ya mengine, hata baada ya kuzingatia idadi ya waliokufa na mambo mengine. Mtu akisikia jambo mara nyingi hivyo, ataogopa hata asipotaka.

Sasa, mtu akitupa kichwa cha namna hii kwenye grupu, umjibu vipi? Usimtukane, na usimwite adui wa dini mbele ya watu, atang'ang'ania. Mfuate pembeni: "Ndugu, umeisoma ndani? Picha hii ni ya habari nyingine, tazama hapa." Mpe ukurasa au kiungo. Mara nyingi ataifuta mwenyewe. Asipoifuta, ndipo uandike kwenye grupu, kwa ufupi, ukianza na lililo kweli ("Mlipuko ulitokea, na polisi wamesema hivi") halafu kilichopotoshwa. Ukianza kwa kuurudia uongo, wengi wataondoka nao.

Likiwa ni kosa la chombo cha habari, lalamika. Kwanza mwandikie mhariri, kwa sababu aliyekwenda kutafuta habari mara nyingi siye aliyeandika kichwa. Hicho huandikwa na mhariri aliyebaki ofisini, na mwandishi mwenyewe huenda ameumizwa nacho kama wewe. Usiporidhika, ipo Tume ya Malalamiko chini ya Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Maadili yaliyoambatishwa kwenye sheria ya baraza hilo ilipopitishwa mwaka 2013 yalitaka habari za mizozo ya kidini zithibitishwe kwanza, na vichwa vya uchochezi viepukwe. Taja jina la gazeti, tarehe na ukurasa, nakili kichwa kama kilivyo, na chini yake nakili aya ya ndani inayopingana nacho. Gazeti lenyewe litunze. Ukipiga picha ya tovuti, saa na tarehe zionekane, maana vichwa vya mtandaoni hubadilishwa kimyakimya. Halafu sema unachotaka: kichwa kirekebishwe, na masahihisho yawekwe mahali ambapo aliyesoma akiwa ameinama kwenye gunia langu atayaona.