Kuchimba kiduha uone kinaponyonyea

Kiduha cha maua mekundu (Striga asiatica), gugu linalonyonya mizizi ya mazao, hakikosekani kwenye mpunga wa nchi kavu Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, na kwenye mahindi pia. Wengi tunakijua kwa ua lake, lakini mambo yake makubwa yako chini ya ardhi. Beba jembe, beseni la maji, lenzi ya mkono na chupa yenye mfuniko.

1. Hakikisha ndicho. Ni kifupi, majani membamba, ukiyapapasa yanakwaruza. Mrija wa ua umepinda ghafla. Hesabu mistari iliyoinuka kwenye kikombe cha kijani kinachoshika ua: kwa kawaida ni 10. Kile cha Kanda ya Ziwa, chenye maua ya waridi, kina 5.

2. Chimba, usivute. Ukivuta kinakatika. Muombe mwenye shamba, kisha inua bonge zima pamoja na shina la mpunga.

3. Loweka, udongo uachie wenyewe. Usisugue hata kama una haraka. Sasa fuata shina la kiduha kwenda chini. Kijani kinaishia usawa wa ardhi. Kuanzia hapo ni jeupe, na majani yamebaki magamba tu. Kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza, kiduha hakina usanisinuru wowote, kinakula kwa mpunga tu. Kikishapata kijani bado kinanyonya, ndiyo maana mpunga unadumaa hata mvua ikiwa nzuri. Endelea mpaka ukute kivimbe kwenye mzizi mwembamba wa mpunga. Weka lenzi: hapo ndipo kimepenya hadi kwenye mirija ya maji.

Kimefikaje? Mbegu yake ni kama vumbi, na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 hadi inuse strigolaktoni, kemikali inayotoka mizizini. Mpunga huitoa kuwaita kuvu wa mikoriza wausaidie kupata fosforasi, na fosforasi ikipungua huitoa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo shamba lililochoka linajiitia mwizi. Marejea, mmea wa jamii ya kunde, nayo huziamsha mbegu hizo, ila kiduha hakiwezi kuishi kwenye mizizi yake, kinakufa. Mimi ningeanza na marejea kabla ya kununua dawa yoyote.

4. Usihamishe mbegu. Kiduha kimoja huzaa maelfu kwa maelfu. Chimba kabla vitumba vya mbegu havijakauka, maji ya beseni yamwage palepale, kung'uta viatu, jembe na pindo za suruali kabla ya kutoka shambani. Mabaki choma. Sampuli ya kwenda nayo nyumbani iingie kwenye chupa, ifunikwe kabisa.