Uwanja wa tenisi wa udongo wakati wa mashindano: namna ya kuutunza kuanzia alfajiri hadi usiku

Mechi ya saa tatu asubuhi haimsumbui mtunza uwanja. Udongo umelala na maji usiku kucha, mistari inang'aa, hakuna aliyeukanyaga. Kazi yetu inapimwa na mchezaji anayeingia saa tisa alasiri, baada ya mechi mbili na jua la mchana. Je, anakuta uwanja uleule aliouchezea mwenzake asubuhi?

Mashindano yakiwa ya wanaume na wanawake pamoja, swali hilo linakuwa zito zaidi, kwa sababu mechi hazilingani urefu. Pale Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, wanawake wanacheza hadi seti tatu na mshindi ni anayetwaa mbili. Wanaume wanacheza hadi tano na mshindi ni anayetwaa tatu. Fainali ya wanaume ya mwaka 2025, Carlos Alcaraz dhidi ya Jannik Sinner, ilikwenda saa 5 na dakika 29. Tangu 2007 mashindano hayo yanawalipa wanaume na wanawake zawadi sawa katika ngazi zote. Sasa fikiria binti aliyepangwa mechi ya nne, akiingia kwenye udongo uliochimbwa na wanaume kwa saa tano. Pesa ni sawa, uwanja si sawa. Kosa hilo ni letu sisi wenye fagio na paipu, na linazuilika.

Nimetunza viwanja vya udongo Nairobi kwa miaka kumi na minne. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowafundisha vijana wanaoanza kazi.

Hatua ya 1: Jua ulichokanyaga

Watu wakiona wekundu wa Roland Garros hudhani ni udongo mtupu hadi chini. Ule wekundu ni vumbi la matofali ya kuchoma yaliyosagwa, unene wake milimita 1 hadi 2 tu. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa, sentimita 6 au 7. Halafu masalia ya makaa ya mawe yaliyoungua, sentimita 7 au 8. Halafu kokoto, kama sentimita 30, na mawe makubwa chini kabisa. Chokaa ndiyo inayoshika maji. Vumbi jekundu kazi yake ni kumwezesha mchezaji kuteleza, kuonyesha alama ya mpira, na kupendeza machoni.

Kwetu viwanja vingi havikujengwa hivyo. Vipo vya udongo mwekundu ulioshindiliwa, na vipo vya zamani vilivyojengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao ukilowa na kushindiliwa unashikana kama saruji. Chimba kishimo nje ya mistari, karibu na uzio, kina cha kiganja, uone tabaka zako. Kama chini hakuna kokoto, maji hayana pa kwenda, na kila nitakachosema kuhusu kumwagilia wewe ukipunguze.

Hatua ya 2: Vipimo, siku mbili kabla

Hapa sikai sana. Urefu mita 23.77, upana mita 8.23 kwa mchezaji mmoja mmoja na 10.97 kwa wawili wawili. Mstari wa servu, yaani mpira wa kuanzisha, mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Wavu sentimita 91.4 katikati. Kama mnatumia wavu wa wawili wawili kwenye mechi ya mmoja mmoja, weka vijiti vya kuinulia wavu, vya mita 1.07, kila kimoja sentimita 91.4 nje ya mstari wa pembeni wa mmoja mmoja. Andika kwenye ubao nani anaviweka na nani anavitoa. Nimeshaona mechi inaanza bila vijiti, na wa kwanza kugundua alikuwa mama wa mchezaji, kwenye viti vya watazamaji.

Mistari ikiwa ya mkanda uliopigiliwa misumari, pita kwa miguu yote miwili, mstari baada ya mstari, ukipapasa kwa vidole. Msumari ulioinuka milimita chache unararua kiatu na unaweza kuvunja kifundo cha mguu. Mkanda ulioinuka unarusha mpira ovyo, na uliozama unafunikwa na vumbi hata mwamuzi asione mpira umeangukia wapi.

Hatua ya 3: Maji ya alfajiri

Ningepewa dakika kumi tu za kufundisha, zote ningezimalizia hapa.

Amka mapema, uwe uwanjani saa kumi na mbili. Kabla ya kufungua bomba, kanyaga kwa kisigino nyuma ya mstari wa mwisho, katikati ya uwanja, na karibu na wavu. Kisigino kikiacha alama ya kina kifupi yenye ukingo safi, unyevu unatosha. Alama ikibomoka na kuwa unga, uwanja una kiu. Udongo ukinata kwenye kiatu, funga bomba ukanywe chai. Jua litafanya kazi yako.

Ukimwagilia, elekeza mdomo wa paipu juu ili maji yaanguke kama manyunyu. Maji yakipiga ardhi moja kwa moja yanachimba na kusukuma vumbi jekundu lote kwenye kona. Anzia mwisho wa uwanja, rudi kinyumenyume, usikanyage ulipolowesha. Angalia rangi: wekundu mkavu umepauka, na ukipata maji unaiva ghafla. Rangi ikiiva pote, sogea. Maji yakianza kung'aa juu yamezidi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni kavu, jua la Januari na Februari halina huruma, na mpira unaruka mbali na kwa kasi kiasi kwamba kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Udongo mkavu kwenye hewa ya namna hii unakuwa wa kasi, na mchezaji aliyekuja kwa ajili ya udongo hapati udongo. Kwa hiyo huku kwetu maji ya alfajiri hayafiki jioni. Panga kumwagilia mara tatu: alfajiri, katikati ya siku, na usiku.

Mwaka mmoja, kwenye klabu ambayo sitaitaja, niliogopa jua la fainali nikamwagilia kwa wingi nusu saa kabla ya mechi. Msichana aliyekuwa akianzisha aliteleza kwenye gemu ya pili, goti likapasuka ngozi, na mechi ikasimama dakika arobaini. Aliendelea kucheza, lakini hakuukimbilia tena mpira wowote mfupi. Tangu siku hiyo, dakika tisini kabla ya mechi ya kwanza bomba langu limefungwa.

Hatua ya 4: Rola

Rola, gurudumu zito la kushindilia, hupita udongo ukiwa na unyevu, wala si majimaji. Vuta hatua tano, kisha angalia ngozi ya rola. Ikiwa safi, endelea. Ikiwa imevaa udongo, subiri. Pita urefu wote wa uwanja kwanza, kisha upana, polepole.

Usishindilie mpaka pawe kama sakafu. Mwaka 2012 mashindano ya Madrid, ya wanaume na wanawake, yalichezwa kwenye udongo uliotiwa rangi ya buluu ili mpira uonekane vizuri kwenye televisheni. Wachezaji waliteleza wiki nzima. Rafael Nadal na Novak Djokovic walilalamika waziwazi, na mwaka uliofuata wekundu ukarudi. Mimi nalichukua kama somo kwa mtunza uwanja: mchezaji akiteleza lazima aweze kusimama anapotaka yeye. Kwa hilo tabaka la juu na la chini lazima yashikane, hata rangi iwe ipi.

Hatua ya 5: Kuburuza wavu, kila seti

Mapumziko baada ya seti ni sekunde 120. Watu wawili wenye nyavu za kuburuza juu ya udongo ili kuusawazisha, na wawili wenye brashi za mistari wanaweza kumaliza, kama kila mmoja anajua njia yake.

Mchezo unatupa udongo nje, kuelekea uzio. Kwa hiyo anzia nje kabisa, zunguka ukiingia ndani, kama konokono. Wengi huburuza eneo la mistari tu kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye picha. Baada ya wiki, kingo zinakuwa juu na katikati chini, uwanja umegeuka sahani, na mvua ikija maji yote yanatuama anaposimama mchezaji. Ukifika mwisho usiuangushe wavu hapohapo, maana utaacha tuta dogo. Toa nje kwanza ndipo uinue. Seti inayofuata, zungukia upande mwingine.

Kabla ya kuburuza, tazama sehemu mbili: anaposimama anayeanzisha, na nyuma ya mstari wa mwisho ambako wanateleza. Rudisha kwa mguu udongo uliochimbuka, kanyaga, ndipo wavu upite. Ukipitisha wavu juu ya shimo umelificha tu, na mchezaji ataligundua kwa kifundo chake. Brashi ya mistari huja mwisho, daima.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kwenye udongo alama ya mpira ni ushahidi. Mwaka 2025, wakati mashindano ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, yalipokuwa yamehamia kwenye mashine za kuamua mistari, Roland Garros walibaki na waamuzi wa mistari na mwamuzi mkuu anashuka kitini kukagua alama. Ikigusa mstari, mpira ni wa ndani. Mchezaji akiifuta kabla ya uamuzi, amekubali kushindwa kwenye dai hilo. Kwenye mashindano yetu madogo yasiyo na mashine, hakuna ushahidi mwingine. Udongo mkavu unatawanya alama, na usioburuzwa una alama kumi pale ambapo mwamuzi anatafuta moja.

Hatua ya 6: Kati ya mechi na mechi

Omba ratiba mapema, uweke alama kwenye kila mahali ambapo mechi ya wanaume inatangulia ya wanawake, au kinyume chake, na kila mahali penye mechi ndefu. Mwombe msimamizi wa mashindano akupe dakika kumi na tano. Atasema tano. Mweleze kwa adabu, umwonyeshe shimo lilipo, na asipokubali mpeleke alikanyage mwenyewe.

Ndani ya muda huo: jaza mashimo kwa udongo uliochekechwa, nyunyiza, shindilia kwa mguu, buruza uwanja mzima hadi kwenye uzio, nyunyiza maji mepesi, piga brashi mistari, pima kimo cha wavu wa mchezo. Fanya kisigino tena. Kama si sawa na kile cha asubuhi, hujamaliza.

Hatua ya 7: Mvua

Roland Garros wana paa juu ya uwanja wa Philippe-Chatrier tangu 2020 na juu ya Suzanne-Lenglen tangu 2024. Sisi tuna turubai na macho yetu. Mashindano ya Challenger, ngazi iliyo chini ya mashindano makuu ya ATP, ya wanaume ya Kigali mwaka 2024 yalichezwa mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, kwenye mlango wa masika, na yeyote anayefanya kazi hii ukanda huu anaijua hofu ya wingu la saa nane.

Manyunyu madogo hayasimamishi mchezo kwenye udongo. Mistari ikianza kuteleza au alama zikiwa hazisomeki, mwambie mwamuzi. Uamuzi ni wake. Turubai livutwe na watu sita au zaidi, likiwa limeinuliwa, lisikwaruze. Wakati wa kulitoa, inua kutoka katikati ili maji yamwagikie nje.

Madimbwi usiyafagie, hata waandaaji wakikuharakisha. Fagio linaondoka na maji pamoja na vumbi lako jekundu. Tumia sponji, kamulia kwenye ndoo, rudia. Kisha nyunyiza udongo mkavu uliochekechwa, mwembamba, uache dakika chache, ndipo wavu na rola.

Hatua ya 8: Usiku

Mechi ya mwisho ikiisha, kila mtu anaondoka. Wewe jaza mashimo yote, sasa bila haraka. Buruza. Kisha mwagilia maji mengi kuliko wakati wowote wa siku, pole kwa pole, yazame hadi tabaka la chini. Usiku hakuna jua la kuyaiba wala mchezaji wa kuteleza. Kagua misumari kwa tochi. Legeza wavu, kunja paipu, na uandike daftarini ulimwagilia dakika ngapi na upepo ulikuwaje, ili kisigino cha kesho alfajiri uwe na cha kukilinganisha nacho.