Somo: pofu (yule swala mkubwa wa porini) wa kubanika kwa karanga, kinyamwezi

Mwangaluka wadau. Picha ya sufuria niliyoweka Jumapili imeniponza, inbox imejaa dada weka somo dada weka somo, haya leo nimekaa nawaandikia mkichoka kusoma shauri yenu.

Kwanza nyama yenyewe imetoka wapi maana najua mtauliza. Shemeji alikua Dodoma kikazi, akapita bucha la nyamapori lenye leseni akanunua kilo tatu za pofu, akaja nazo Tabora na treni zimeganda ndani ya ndoo ya barafu, risiti kaiweka mfuko wa shati. Risiti naitaja makusudi. Toka zitoke zile kanuni za mwaka 2020 nyamapori inauzwa buchani kihalali kabisa, ila ukikutwa na kipande huna karatasi hiyo ni nyara ya serikali, hata kama ni mguu wa digidigi, na sisi tunaoishi jirani na mapori ya Ugalla tunawajua watu waliopotea miaka jela kwa mguu wa digidigi. Yule kijana anayegonga dirisha saa nne usiku na mfuko mweusi mwambie tu leo tunakula mlenda.

Sasa elewa kitu kimoja kabla hujawasha moto: pofu hana mafuta. Ng'ombe hata ukimkosea yale mafuta yake yanakuokoa, ila mnyama wa porini ukimkaangia moto mkali kama maini unatafuna kandambili. Watu wengi wanasema nyamapori ngumu, kumbe wapishi ndo wana haraka.

Mahitaji ya sufuria moja: nyama kilo moja na nusu, karanga vikombe viwili, vitunguu viwili, nyanya tatu, tangawizi kipande, nyanya chungu kama unazipenda, chumvi. Bibi yangu wa Sikonge hakuweka kitunguu wala nyanya, yeye nyama chumvi karanga basi, na sijawahi kumfikia.

Hatua ya 1. Iache nyama iyeyuke taratibu kwenye bakuli lenye mfuniko, usiimwagie maji ya moto. Ikishalegea ipapase yote kwa vidole. Huyu mnyama kapigwa risasi, kwahiyo utakuta sehemu nyeusi damu imevilia, kata tupa, na kipande cha chuma kinaweza kuwemo humo humo, mimi nilikikuta kidogo kama punje ya mtama. Toa na ule utando mweupe unaong'aa, ule hauivi hata ukipika mpaka kesho.

Hatua ya 2. Kata mapande makubwa ya ngumi, paka chumvi, yapange juu ya wavu kwenye mkaa wenye majivu. Hapa tunabanika, hatuchomi mishkaki, moto uwe mdogo na mkono wako uvumilie pale juu. Geuza geuza kama saa moja mpaka nje pakauke pawe kahawia na moshi uingie. Zamani ilikaa kwenye uchanja juu ya mafiga siku kadhaa ikawa kavu kabisa ya kuweka akiba, ile ukitaka kuipika unailoweka usiku kucha kwanza.

Hatua ya 3. Kata vipande vya kulia, tia sufuria nzito, maji yafunike nyama, tangawizi, funika. Ikianza kuchemka engua povu halafu punguza moto, iwe inachemka kwa kunong'ona, masaa mawili na nusu mpaka matatu. Kuna wanaomwaga maji ya kwanza eti kutoa harufu. Mimi simwagi, ule moshi wote niliokaa naupepea nimwage chooni? Maji yakipungua ongeza ya moto.

Hatua ya 4, na hapa ndo mboga inapokufa au inapopona. Karanga zikaange kidogo tu, pepeta maganda, twanga kwenye kinu mpaka zianze kunata. Yenye ukungu au iliyosinyaa itoe kabla ya kukaanga, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haitoki kwa moto. Halafu chota supu ya vuguvugu, koroga karanga pembeni kwenye bakuli mpaka iwe uji laini, NDO umimine. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye supu inayotokota, ukajikunja mabonge mabonge, mama mkwe akaliinua moja na kijiko akaliangalia akauliza mwanangu hizi ni maharage? Sijasahau mpaka leo.

Kitunguu, nyanya na nyanya chungu kama unazo vitie kabla ya karanga viive kabisa. Ukishamimina karanga usifunike na usiondoke, zinafurika kama maziwa. Koroga moto mdogo dakika ishirini na tano hivi, ukiona mafuta mekundu mekundu yanaelea pembeni ya sufuria epua.

Kula na ugali wa muhogo, au wa mtama ukiupata, pembeni nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa. Wali hapana jamani.

MASWALI

Mdau wa Nzega: Dada mimi nyamapori sipati, nifanyeje?
Jibu: Chukua mbuzi mkubwa, siyo kale ka katoto, au ng'ombe nyama ya paja isiyo na mafuta. Hatua zote ni zile zile, muda utapungua.

Mdau wa Kigoma Ujiji: Huku kwetu kila kitu mawese, naweza kutia?
Jibu: Kijiko kimoja kwenye kitunguu sawa kaka. Kikombe hapana, karanga ina mafuta yake, utakunywa mafuta. Mawese mpe mgebuka, yule samaki wenu wa ziwani.

Mdau wa Isevya: Shangazi, hiyo nyama imechinjwa?
Jibu: Swali la msingi hilo. Pofu kwa jinsi yake analiwa, ngiri ndo usimguse kama ni muislamu. Ila kama aliwahiwa na kisu akisomewa, mimi sikuwepo porini. Muulize muuzaji kabla hujalipa, akianza kujikanyaga acha ununue mbuzi.

Mdau wa Ipuli: Mkaa umepanda bei, presha kuka inafaa?
Jibu: Inafaa, baada ya kubanika iweke dakika arobaini na tano. Karanga usizitie humo, zinaganda chini na zinaziba tundu. Hamishia sufuria ya kawaida.

Mdau wa Urambo: Huku vijana wameokota swala kafa mwenyewe karibu na mto, bado mbichi kabisa, wanasema tukimchemsha sana hana shida.
Jibu: Usile na usimguse kaka yangu! Kama kafa kwa kimeta vile vijidudu vinavumilia maji yanayochemka, na anayechuna anaweza kuugua kabla hata hajaonja. Wazuieni na mbwa wasimfikie, piga simu kwa afisa mifugo au wanyamapori wa kata leo leo, na waliomshika wanawe kwa sabuni waende zahanati waseme walichoshika.